Mwalimu wa Kwaya na Wimbo wa Namba Moja

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mtu pekee mwenye mvi niliyemjua, katika Dallas nzima na vitongoji vyake, aliyeweza kukuambia bila kufikiri wimbo gani uko namba moja redioni wiki hii, upi umeshuka na upi unakuja nyuma unahema. Jumamosi ungemkuta ndani ya gari lake nje ya duka la Waafrika pale Carrollton, vioo vimefungwa kwa ajili ya joto, binti yake yumo dukani anachagua sombe, majani ya muhogo, ya kugandishwa, na yeye anamsikiliza mtangazaji akihesabu nyimbo kutoka ya arobaini mpaka ya kwanza.

"Hii itashuka," angekuambia akishusha kioo kidogo, uso una huzuni kama wa mtu anayeleta habari za mgonjwa. "Haina sauti ya tatu."

Mgeni angedhani mzee amepotoka, ameacha zaburi na kukimbilia muziki wa vijana. Mimi nilijua kwa nini anasikiliza, kwa hiyo sikuwahi kumcheka. Kutabasamu, hapo sitasema uongo, nilitabasamu.

Alizaliwa wapi na kwa nani, hayo waulizeni wengine. Mimi namjua tangu aliposimama mbele yangu, kawapa watu mgongo, mikono juu, anatusubiri tuache kupiga soga. Nilikuwa sauti ya pili, mstari wa mbele, karibu kabisa naye, mahali ambapo unasikia harufu ya karafuu aliyokuwa akiitafuna ili koo lisikauke. Kinanda hakukitaka. Noti alizitoa kooni mwake mwenyewe, akimpa kila mmoja ya kwake, kisha anainamisha sikio kwako kama daktari. Ukikosea hakugombi. Anakutazama tu mpaka unatamani angegomba.

Kusifu hakujua. Sifa yake kubwa kuliko zote ilikuwa, "Hapo hamkunikera." Siku tuliyoimba kwenye harusi moja DeSoto mpaka wazee wakavua kofia, tukamzunguka tukingoja neno, akafuta miwani yake na kusema, "Hapo hamkunikera sana." Tulirudi nyumbani tukiwa tumevimba vichwa.

Mtu mwenye sauti nzuri hakumpa hadhi yoyote. "Sauti nzuri hata ng'ombe anayo asubuhi," alikuwa akisema. "Nipe masikio." Masikio yake mwenyewe yalikuwa ya kuogopwa. Tulikuwa watu karibu thelathini, wengi tumetoka kazini moja kwa moja, mwingine ameinua maboksi usiku kucha, mwingine kama mimi amewaogesha wazee wa Kizungu tangu alfajiri, na yeye angesimamisha wimbo mzima kwa sababu mama mmoja, mstari wa nyuma, ameshusha noti nusu ya nusu.

Alituhubiria unyenyekevu, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kukubali kwamba amepotea njia. Tuliwahi kuzunguka Fort Worth tukitafuta kanisa tulilokwisha kulipita, tumevaa sare, tumebanana ndani ya van, na kila tukimwambia "Mwalimu, ni pale tulipotoka," anajibu, "Najua. Nawaonyesha mji."

Jambo moja hakulifanyia utani hata siku moja. Kwaya lazima iwe na nyimbo zake. Kwetu, upande wa Uvira, ng'ambo ya ziwa kutoka Tanzania, ndivyo ilivyokuwa: kila kwaya ina mtunzi wake, na anayeimba wimbo wa kwaya nyingine bila kuomba amejiaibisha yeye na mchungaji wake. Mwalimu alitusimulia juu ya kwaya moja iliyothubutu, wenye wimbo wakiwa wamekaa mlemle kanisani. Wenyewe waliinuka benchi zima wakatoka, mahubiri hayajaanza. "Kuazima sufuria, sawa," alisema. "Kuazima wimbo ni wizi wenye adabu."

Kule kwetu alikuwa ametunga nyimbo zilizovuka ziwa kabla yake. Tulipofika kambi ya wakimbizi Tanzania tulikuta watu wasiomjua kwa sura wanaziimba. Ila kule kambini ndiko alikomzika mkewe, na tangu siku ile hakupata wimbo tena. Aliniambia hayo mwenyewe mwaka wetu wa kwanza Marekani, tukiwa tunakunja viti baada ya ibada, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mguu unaomsumbua.

"Mama Neema, zamani Mungu alikuwa ananipa. Sasa hanipi. Sijui nilimkosea wapi."

Nilimwambia apumzike, zitarudi. Akanijibu kwamba mtu akipumzika sana watu huanza kumfunika shuka. Nikachukua kiti kingine nikakikunja.

Kwa hiyo mtaelewa jinsi tulivyomtazama jioni ile alipokuja mazoezini bila kusalimia, akasimama mbele na kuanza kutupa noti za wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Ulianza chini, polepole, kama mtu anayeuliza swali. Ukauliza tena. Halafu kiitikio kikaruka juu, na nawaambia, miguu haikuomba ruhusa. Maneno yalikuwa machache: *Umenivusha, Bwana, umenivusha, maji yalipofika shingoni.* Basi. Tuliuimba mpaka mlinzi wa jengo akaja kuzima taa.

"Nimepewa," alisema, na kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake yote. "Niko kazini, mashine zinalia, nikajikuta ninauimba. Mzima! Sikuutafuta hata."

Kazi yake ilikuwa katika kiwanda cha madirisha, kukata fremu. Pale kazini aliowajua zaidi walikuwa Wameksiko, na alipatana nao kwa ishara na kwa chakula. Hata jengo la kanisa tulichangia nao. Wenye jengo, Wamarekani, waliabudu asubuhi, Wameksiko adhuhuri, sisi alasiri. Tuliingia kukiwa na harufu ya mahindi yao, tukatoka tukiacha ya dagaa wetu. Mpiga gitaa wao, mwanamume mpole mwenye masharubu, alikuwa na desturi ya kumwachia Mwalimu kahawa kwenye kikombe chenye kifuniko, juu ya spika ya kushoto. Hawakuwa na lugha ya pamoja zaidi ya kile kikombe.

Pasaka ile makanisa yote matatu yalisali pamoja, nasi tukaimba wimbo mpya. Mpaka leo naiona siku ile. Tulipofika kwenye kiitikio, upande wa Wameksiko ukachangamka wote. Vijana wakatazamana. Akina mama wakaziba midomo kwa viganja, macho yanacheka. Kisha bibi mmoja akaanza kupiga makofi, mpiga gitaa akachukua gitaa lake na kuingia papo hapo, kwenye noti sahihi, na kabla hatujafika ubeti wa pili kanisa zima la Wameksiko lilikuwa linaimba nasi, wengine wamefumba macho. Wamarekani wakabaki wanashangaa na kupiga makofi nje ya mdundo, kama kawaida yao.

Mwalimu aligeuka akawatazama. Machozi yalimtoka pasipo aibu. Baadaye, nje, alinishika mkono. "Umeona? Hawajui Kiswahili hata neno moja, na wimbo wameujua. Huyo ni Roho, mama. Huyo ni Roho mwenyewe." Nami niliamini. Tuliamini wote, kwa nini tusiamini?

Kiangazi kilipoanza, siku moja alikuwa ananirudisha nyumbani kutoka mazoezini, binti yake amekaa mbele. Binti huyo alikuwa sekondari wakati ule, na kila akiingia garini mkono wake ulienda kwanza kwenye redio, ndipo kwenye mkanda. Akabonyeza, akabonyeza tena, na gari likajaa wimbo wetu.

Ngoma zilikuwa nyingi kuliko zetu, na tarumbeta, na mwanamume mwenye sauti ya asali akiimba nusu Kihispania nusu Kiingereza. Lakini swali lilikuwa lilelile, likaulizwa mara ya pili vilevile, na kiitikio kikaruka mahali palepale.

"Papa," binti alisema, "that's our song."

Mwalimu alilisogeza gari pembeni mwa barabara akasimama. Tukasikiliza mpaka mwisho. Malori yalitupita yakilitikisa gari.

"Balitwiba," alisema hatimaye. Alipokasirika sana Kiswahili chake cha kanisani kilimtoka, kikaja cha nyumbani: maana yake, walituibia. "Hii wimbo njo yetu. Balitwiba mchana kweupe!"

"Papa, it's on the countdown. Ni number thirty-something. Inapanda."

Ikapanda kweli. Wimbo ulikuwa umetoka kwenye stesheni za Kihispania ukaingia kwenye za Kiingereza, jambo ambalo wakati ule halikutokea kila siku, na ulipoingia haukutafuta kiti cha nyuma. Kiangazi kizima hapakuwa na pa kuukimbia. Ulikuwa kituo cha mafuta, ulikuwa kwa msusi, ulikuwa kwenye kile chumba ambamo nilimkata kucha bibi wa miaka tisini aliyetikisa kidole cha mguu kwa mdundo. Kila Jumamosi binti alileta namba mpya, na kila namba ilimchoma baba yake upya. Watoto wetu walifurahi, shuleni waliringa kwamba wimbo ule umetoka kanisani kwao. Mwalimu alikonda.

Maana yeye alikuwa amekwisha kumjua mwizi. Nani alikuwepo Pasaka? Nani alichukua gitaa akaingia kwenye noti sahihi bila kufundishwa? "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akiwatazama Wameksiko wakipakia watoto garini. Alimwomba Mchungaji wetu awafungulie kesi mbele ya wenye jengo. Mchungaji, mtu wa amani na wa kuahirisha mambo, akasema tuombe kwanza. Kahawa juu ya spika ilianza kupoa bila kuguswa. Mpiga gitaa aliendelea kuileta.

Ulipofika namba moja, Mwalimu hakungoja tena. Jumapili ile tulifika mapema, akamsimamisha mpiga gitaa kwenye maegesho, jua la Texas liko utosini, na kumwamuru binti yake atafsiri, kwa kuwa alikuwa anajifunza Kihispania shuleni. Mimi nilisimama karibu iwapo patahitajika mtu wa kushika mikono.

"Mwambie: ulichukua wimbo wangu ukauuza."

Binti akasita. Akatafsiri, nadhani alilainisha kidogo, kwa sababu yule bwana alitabasamu kwanza, halafu akatutazama usoni mmoja mmoja, tabasamu likaisha.

"Anasema wimbo huu walikuwa wanausikia kwenye stesheni yao tangu baridi. Before Easter, Papa. Long before." Msichana alikuwa anamtazama baba yake chini ya nyusi. "Anasema sisi tulipouimba, mama yake alilia. Alisema hawa ndugu wameuchukua wimbo wetu wa redio wakauvika nguo za kanisani, ili watuheshimu. Anasema walitaka kutushukuru, hawakujua waseme vipi. Ndiyo maana tangu Pasaka kahawa yako ina mdalasini."

Mwalimu alisema huo ni uongo, yeye hasikilizi redio. Hana redio nyumbani. Ndani ya gari redio ni ya mtoto.

Mpiga gitaa akauliza swali moja, taratibu.

"Anauliza, kazini kwako unafanya na nani?"

Sikuwahi kumwona mtu mzima akibadilika uso namna ile. Alitazama lami, akawa kama anasikiliza kitu cha mbali, na midomo yake ilikuwa inatembea. Halafu alisema kwa Kiswahili, hakusema na yeyote kati yetu:

"Redio yao imetundikwa juu ya mashine yangu. Kwenye msumari. Hata siku moja sikuisikia."

Masikio yale! Yaliyosikia mama mmoja akishusha nusu ya nusu mstari wa nyuma. Yalikuwa yamekunywa wimbo ule chini ya kelele za misumeno, majira yote ya baridi, bila kumwambia mwenyewe. Nilimwonea huruma. Ungekuwa wimbo tu, isingekuwa kitu, tungetunga mwingine. Lakini alikuwa ameuchukua kuwa ushahidi wake kwamba Mungu hajamwacha.

Alimpa mpiga gitaa mkono wake wa kulia, akiushika kwa wa kushoto kama tunavyomwomba msamaha mkubwa wetu, ingawa yule alikuwa mdogo kwake. Kisha akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa. Hakusimama mbele ya kwaya siku ile wala Jumapili iliyofuata.

Tulimbembeleza sana. Waumini walikuwa wameupenda wimbo, wengine walisema umewaponya, na Mchungaji akamwendea nyumbani akamwambia, "Mwalimu, maneno ni yako. Mungu haulizi tuni kama ina viza."

"Mimi naiuliza," akajibu.

Tukaendelea kuuimba bila yeye, tukiongozwa na kijana mmoja wa sauti ya nne ambaye alitusifu kila mara, na sifa zake hazikuwa na ladha. Mwalimu alikuwa akitoka nje wimbo ukianza na kurudi ukiisha. Hakutulaumu. Alipita kwa adabu, kama mtu aliyeitwa na simu.

Ndipo alipoanza kusikiliza redio. Alinunua hata ile ndogo ya betri. Stesheni zote, Kiingereza, Kihispania, na zile za cowboy. Nilipomuuliza, alinieleza kwa utulivu kabisa.

"Siku nikipewa tena, nitajuaje kama nimepewa au nimeokota? Lazima nizijue zilizopo."

"Mwalimu, nyimbo za dunia haziishi."

"Basi nimechelewa kuanza," akasema, na kuongeza sauti.

Hakuwa anatania. Ila ukweli ni kwamba ule wimbo wenyewe aliupenda kuliko sisi sote. Wiki uliposhushwa kutoka namba moja nilimkuta garini, mikono juu ya usukani, amekasirika kwa niaba yake. "Wameweka kelele mahali pake," alisema. "Watu hawana masikio." Na Jumapili nyingi nilimwona amekaa na mpiga gitaa kwenye ngazi za jengo, kila mmoja na kahawa yake, hawasemi neno. Mara mmoja anaimba puani kipande cha tuni, mwingine anatikisa kichwa: ndiyo, huo naujua.

Binti alimaliza masomo ya uuguzi, akapata kazi katika mojawapo ya hospitali kubwa za Houston, akanunua nyumba Pearland, kando ya Houston, na kumchukua baba yake. Siku ya kuondoka kwaya ilimwimbia wimbo wake mmoja wa zamani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema sauti ya tatu imelala, akapanda gari. Nilimpigia simu wakati wa sikukuu. Habari za afya, habari za watoto. Juu ya wimbo sikuuliza, naye hakusema.

Nilikwenda Houston miaka kadhaa baadaye kwa msiba wa binamu, nikapita Pearland mchana kumwona. Binti, sasa mama wa watoto wawili, alinifungulia akiwa na sare ya hospitali na kunikumbatia. Kabla hatujafika jikoni alinishika kiwiko.

"Auntie, atakuuliza kitu. Please, mjibu tu vizuri. Anamuuliza kila mtu. Aliyeleta barua, cashier wa grocery, wenzangu wa kazini wakija hapa. Watoto wangu wamechoka."

"Anauliza nini?"

"Utasikia."

Alikuwa amekaa mezani, mwembamba, fimbo imeegemea kiti. Aliniita "Mama Neema" kana kwamba tuliachana jana, akanipa pole ya msiba, akamtuma mjukuu alete chai. Mjukuu alijibu "okay, Babu" na kusahau palepale. Tukaongea habari za waliokufa na za waliooa. Halafu akafuta miwani.

"Nisikilize kidogo," alisema. "Usinihurumie. Nataka ukweli."

Akaimba. Sauti ilikuwa imechakaa, inapasuka mahali, lakini tuni ilisimama wima. Mistari minne. Ilikuwa ya pole sana, haikuruka popote. Ilitembea kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala, akiogopa kumwamsha. Maneno bado hayakuwepo, aliimba "la, la" tu. Alipomaliza hakunitazama. Alitazama meza.

"Umewahi kuisikia hii? Popote? Redioni, dukani, kwa wale wazee wako? Fikiri kabla hujasema."

Nikafikiri. Nawaapia nilifikiri kweli, kwa sababu nilielewa nimewekewa nini mikononi. Nilipitia nyimbo zetu zote, na za kambini, na za kiangazi kile, na zile wazee wangu wanazolalia. Binti alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, ameshachelewa kazini, na hakuondoka.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Sijaisikia popote."

Alitikisa kichwa polepole, si kwa kuridhika, bali kwa kunihesabu mimi pia miongoni mwa waliosema hapana. Nikaona halijamtosha. Hata aliyeleta barua alimwambia vilevile, na Mzungu wa dukani vilevile, na bado aliogopa. Kukana kwangu kungemsaidia nini? Kwa hiyo nikamwomba aimbe tena, na safari hii nikaingia naye, sauti ya pili, nikiitafuta mwenyewe chini ya ile yake, kama tulivyozoea mtu anapochelewa kupewa noti.

Kwenye mstari wa tatu akapiga meza kwa kiganja.

"Hapana! Unashuka unaenda wapi? Ya pili haishuki pale, inabaki juu, inangoja ya nne ipite chini yake." Akainama kwangu akaniimbia noti sikioni, na harufu ya karafuu ileile, akakunja uso, akanitazama mpaka nikaona haya. "Ni rahisi, mama. Nimekwisha kuzipanga zote nne. Sikiliza."

Nikasema, "Nisamehe, Mwalimu," na kuchukua noti aliyonipa. Binti yake aliweka funguo mezani, akavuta kiti, akauliza sauti ya kwanza inaanzia wapi.